Barua Zilizovaliwa Shingoni

Nilimwambia mgeni wangu kwamba barua za baba yake zimeliwa na mchwa. Nilisema hivyo nimekaa kwenye kigoda mlangoni kwangu, hapa Chemchem, saa nne ya asubuhi, jua liko wazi, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Pole, mama. Najua ulijitahidi kuzitunza." Kisha akafungua mkoba wake, akatoa doti ya khanga, akaniwekea mapajani.

Khanga hiyo sijaivaa mpaka leo.

Hakuna mchwa aliyezigusa barua zile. Zilikuwa saba, na aliyezimaliza ni mimi, kwa mkasi na sindano. Najua kila kipande kilikokwenda na shingo iliyokivaa. Mimi shule sikwenda sana, niliishia darasa la pili la misheni nikatolewa nikawalee wadogo zangu, lakini Mungu alinipa kichwa cha majina. Jina la mtu likiniingia halitoki tena. Hapa sitayaandika, kwa sababu wenyewe wana watoto na wajukuu, na aibu hii ni yangu siyo yao. Ila ninayo yote ishirini na tano, kwa mpangilio wake.

Nyumbani kwetu ni Goweko. Baba alilima tumbaku na mahindi, tulikuwa wengi, na nilipokuwa na miaka kama kumi na miwili nililetwa mjini kumsaidia kazi mwanamke mmoja mjane wa hapa Chemchem. Watu wote walimwita Bimkubwa, nami nikamwita hivyo. Alikuwa Mwislamu wa ukoo wa zamani wa Tabora. Babu yake alikuja na misafara ya kutoka pwani, akaoa huku, hakurudi tena. Bimkubwa alishona kofia, zile nyeupe za vitobo, na alikuwa na jina kwa kazi hiyo. Alinifundisha. Jioni tulikaa barazani, yeye na sindano yake, mimi na yangu, na nikikosea aliniambia, "Fumua. Mtu atakayeivaa kofia hii atakwenda nayo kuswali, usimtundikie uzembe wako kichwani."

Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, naye alikuwa mwanasiasa. Siku zile ndiyo uhuru unadaiwa, na baadaye ukapatikana, naye akapata cheo kikubwa Dar es Salaam. Mara nyingine alikuja Tabora kuhutubia. Nilikwenda kumsikiliza uwanjani mara moja, nikaogopa, maana alikuwa ananguruma na watu wanapiga kelele mpaka vumbi linapanda. Jioni ile ile alikaa kwenye mkeka wa Bimkubwa akaomba ashonewe kifungo. Alipoondoka alijaza matobolwa mifuko yote ya koti. Mama yake akamwambia, "Mheshimiwa, utaonekana unatafuna viazi vikavu mbele ya mawaziri." Akajibu, "Nitawagawia. Watanyamaza kidogo."

Aliandika barua kwa mama yake. Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia, na nataka lieleweke lilivyokuwa.

Bimkubwa hakujua herufi hizi tunazoandikia sasa. Alijua kusoma za Kiarabu, alizofundishwa chuoni, yaani madrasa, akiwa mtoto, na mwanawe alimwandikia Kiswahili kwa herufi hizo, ili mama asome mwenyewe asisomewe na mtu. Haya nimeyajua baadaye. Wakati ule, mimi mtoto wa Kikatoliki kutoka Goweko, niliona hivi: bahasha inafika, Bimkubwa anaibusu. Anaigusisha kwenye paji la uso. Ananawa mikono, anakaa juu ya mkeka wake wa kuswalia, pale dirishani penye mwanga, anaifungua, na midomo yake inakwenda taratibu. Mara anafuta machozi. Mara anasema "Alhamdulillahi". Akimaliza anaibusu tena, anaiweka kwenye mkebe wa biskuti, na mkebe hauwekwi chini hata siku moja.

Na nyumba ya tatu kutoka kwetu palikuwa na mwalimu wa chuo aliyeandika aya kwenye karatasi, akazikunja, akawashonea watu hirizi. Herufi zake nilizifananisha na zile za Bimkubwa. Nikajiambia, kijana huyu msomi anamtumia mama yake dua kutoka kwa mashehe wa pwani. Sikumuuliza mtu. Mtoto wa kazi haulizaulizi.

Kisha mambo yakageuka. Mwanasiasa alitofautiana na wenzake, akaondolewa kwenye cheo, akapelekwa kufanya kazi mbali huko kusini. Akaugua, akafia huko. Alikuwa ameoa pwani, na miezi michache kabla ya kufa mkewe alijifungua mtoto wa kike. Bimkubwa mjukuu wake huyo hakuwahi kumwona. Macho yake yalianza kufunga, mwisho akawa haoni kabisa, na bado alikuwa akiniagiza nimpe mkebe. Anafungua, anapapasa karatasi moja moja, anazirudisha. Barua ya mwisho kufika aliifunga peke yake kwenye kitambaa cheupe, ikakaa chini ya nyingine zote.

Wiki ya mwisho ya uhai wake aliniita. "Mwanangu, mkebe huu ni wa mtoto wa mwanangu. Akija, umpe mkononi mwake. Usimpe mtu mwingine."

Nikasema, "Sawa, Bimkubwa."

"Sema wallahi."

"Mimi ni Mkristo, Bimkubwa."

"Basi apa kwa unachokijua."

Nikaapa kwa Mama Maria.

Nilirudi Goweko, nikaolewa. Mkebe nilikwenda nao. Ukweni walinipokea kwa kunicheka: yule wa mjini asiyejua jembe. Kweli jembe lilinishinda, na kazi ya kufunga majani ya tumbaku kwenye bani, mahali pa kuyakaushia, ilinitia kikohozi. Mama mkwe alikuwa ananiambia mbele ya watu, "Sindano yako itatulisha?" Mwaka wa pili nikapata mtoto wa kiume, na kabla hajatambaa akashikwa na degedege. Tulimkimbiza zahanati, akachomwa sindano, tukarudi naye bado amelegea kama kitambaa. Usiku nikafungua mkebe. Nikachukua barua ya juu, nzima, nikaikunja mpaka ikawa ndogo kama kidole gumba, nikaishonea kwenye kitambaa cheusi kwa mshono wa kofia, nikamvisha.

Akapona. Sindano ya zahanati ndiyo iliyomponya, sasa najua. Lakini ukweni walichokiona ni hirizi.

Mama mkwe akaanza kuniita mwanangu. Wanawake wakaanza kuja. "Mayu, mama yetu, tumesikia una maandiko." Walileta kuku, walileta karanga, wengine waliniambia, kaa wewe, sisi tutakulimia. Niliwaambia wote waende zahanati kwanza, hilo namshukuru Mungu nililisema. Ila niliwashonea. Barua ya pili sikuitoa nzima, kwa kuwa nilijua hazitatosha. Niliikunja mara mbili nikaikata kwenye mikunjo, vipande vinne, watoto wanne. Na ya tatu vivyo hivyo. Nilipokuwa nakata nilimwomba Bimkubwa radhi, nikajiambia dua haipungui kwa kugawanywa, na mjukuu wake akija nitampa zitakazobaki. Niliamini hivyo, na kama yangeishia hapo nadhani ningelala vizuri uzeeni.

Karibu na stesheni ya Goweko palikuwa na duka la mzee mmoja wa kutoka mjini, mtu wa swala tano. Siku moja nilikwenda kununua chumvi, mtoto wangu nimemshika mkono, uzi wa hirizi ukawa umekatika na kitambaa kimefumuka. Mzee akaiokota. Akaibusu kwanza, naye, kabla hajaangalia. Kisha akaikunjua, akavaa miwani, akasoma kimya. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Nani kamshonea mtoto hii?"

"Mimi mwenyewe. Ni dua za mjini."

"Dua!" Akaweka karatasi juu ya mizani, akafuta macho. "Mama, sikiliza dua yako. 'Mama yangu mpenzi, kofia imefika, lakini inanibana. Ama ulimpima mtoto wa jirani, ama kichwa changu kimevimba kwa vyeo.' Mtoto wa watu anatembea na habari za kofia shingoni!"

Nikamwambia, "Lakini umeibusu."

"Nimeibusu kwa sababu ni maandishi yetu. Wazee wa mjini wote wanabusu barua. Zamani barua ilitoka pwani kwa miguu, miezi mitatu, imefungwa kwenye nguo ya mpagazi. Wengine walikufa njiani kwa kiu, barua ikachukuliwa na mwenzake. Ikikufikia, unaibusu. Unambusu aliyekuletea." Akanitazama usoni, kicheko kikamtoka. "Zipo nyingine?"

"Zipo."

"Umeshonea watu wangapi?"

"Kumi na wanane."

Alipima chumvi yangu, akaifunga. Mwisho akasema, "Mimi ni muuza duka, siyo kadhi. Sitasema kitu. Lakini zilizobaki zirudishe kwa mwenyewe."

Mpaka anakufa hakusema kitu. Na mimi niliporudi nyumbani nikaishona ile ya mwanangu upya, nikamvisha, ili watu wasiulize.

Wiki iliyofuata alikuja mwanamke wa kijiji cha jirani, tulikuwa marika. Alikuwa na mtoto mgongoni, ametembea tangu alfajiri, miguu imejaa vumbi jekundu mpaka magotini. Mama mkwe akamtolea kiti, akaniita kwa sauti ya kujivuna: "Mwanangu, una mgeni." Wote wakanitazama. Ningeweza kusema, zimekwisha. Ningeweza kusema, nimekatazwa. Nikamwona mama mkwe vile alivyokaa, na nikakumbuka jembe, na bani, na kucheka kwao. Nikaenda ndani nikafungua mkebe.

Tangu nijue, nilishona saba. Vipande vitatu vilivyosalia vya barua ya sita, kisha ikabaki ile ya kitambaa cheupe. Ile ya mwisho. Niliifungua kitambaa mimi mwenyewe, mkono wangu ukijua unafanya nini, nikaikunja mara mbili, nikaikata. Wanne wakavaa. Mkebe ukabaki mtupu, na nikaanza kuwaambia watu zimekwisha, na wala hakuna aliyenicheka. Kumbe ningeweza kusema hivyo tangu mwanzo.

Mjukuu wa Bimkubwa hakuja mwaka ule wala miaka kumi iliyofuata. Mume wangu alifariki, mwanangu akahamia mjini, akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli hapa Chemchem, siku hizi na pikipiki, akaja kunichukua. Nikajua mjukuu yule hatakuja tena. Mkebe nikatilia vifungo.

Sasa amekuja. Ni mtu mzima, amekaribia miaka sitini, alikuwa mwalimu na amestaafu. Aliulizia mtaa kwa mtaa, dereva wa bajaji akamleta. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Nilimjua kabla hajajieleza, kwa masikio. Ni masikio ya Bimkubwa yaleyale, yaliyokaa mbali na kichwa.

Akaniambia shida yake bila kuzunguka. Amekwenda kwenye ofisi za serikali, amepata hotuba za baba yake. "Anazungumzia reli, pamba, wananchi. Mimi simo." Mama yake alimwambia baba yake alipata ruhusa mara moja, akaja akamwona, akambeba. Shangazi zake walisema hakuja, alikufa hajamwona, na wakati wa ugomvi wa mambo ya mirathi wapo waliosema pia kwamba yeye si wa kwao. "Wote wameshafariki, mama. Sina wa kumuuliza. Nimesikia baba alimwandikia bibi barua, na kwamba wewe ndiye uliyekuwa naye mwisho. Nataka kujua kitu kimoja tu. Aliniona au hakuniona?"

Ndipo nikamwambia mchwa.

Alipoondoka aliniachia namba ya simu, akasema yuko gesti ya karibu na soko kwa siku mbili, kisha anarudi Dar. Niliitazama bajaji ikikata kona. Nikakaa pale na khanga mapajani mpaka kivuli cha nyumba kikanifikia, mkwe wangu, mke wa mwanangu, akatoka jikoni akasema, "Mama, huli?" Sikula.

Mchana ule nilikwenda kwenye kibanda cha mwanangu. Hirizi yake inaning'inia kwenye msumari juu ya spana zake, nyeusi, imejaa grisi. Alipokuwa mtu mzima aliivua shingoni lakini hakuitupa. Huwa anawaambia wateja, "Hii ndiyo iliyonifanya niwe hai." Nikamwambia nina neno. Akafuta mikono, akakaa juu ya tairi. Nikamweleza yote, mpaka mshono wa mwisho.

"Kwa hiyo mimi nilipona kwa nini?"

"Kwa sindano ya zahanati. Na Mungu."

"Na kofia iliyombana mheshimiwa." Alijaribu kucheka, lakini kicheko hakikufika machoni. Akasimama, akachukua koleo, akang'oa msumari wenyewe, akanipa hirizi bado imening'inia. "Mama, miaka hamsini na kitu umeniacha niwasimulie watu."

"Nilikuacha."

"Basi na hili utalibeba," akasema, akageukia baiskeli.

Kesho yake asubuhi na mapema nilipanda gari la Goweko na mkwe wangu. Barabarani nilikuwa nahesabu majina kichwani. Wengi wamekufa, na hirizi zao wamezikwa nazo au zimeoza. Wengine walihama. Kuna walioingia makanisa mapya ya wokovu, mchungaji akawaambia walete hirizi zote, akazichoma uwanjani mbele ya watu. Nilizunguka nyumba sita. Kila nyumba niliuliza, kila nyumba nikaambiwa habari ya mtu wangu na ya kitu alichokivaa, nikaongeza kwenye kumbukumbu. Aliyebaki nacho nilimpata mmoja tu, mwanamke mwingine, siyo yule wa miguu ya vumbi. Huyu alikuja baada yake. Alikuwa wa kwanza kupata kipande cha barua ya mwisho.

Tulisalimiana kwa Kinyamwezi, akacheka kwa furaha kuniona. Hirizi ya mwanawe anaitunza kwenye kibweta pamoja na vyeti vya ubatizo. Mwanawe ni dereva wa lori, na kila akija nyumbani huiulizia. Nilipomwambia nilichokifuata, na kwa nini, furaha ikamtoka.

"Umekuja kunyang'anya dawa?"

"Siyo dawa. Haijawahi kuwa dawa. Nilikuwa najua siku nilipokupa."

Alinikazia macho. Kisha akasema taratibu, "Haya. Toa karatasi yako. Lakini ushone kifuko tena, utie chochote humo ndani. Mwanangu akija asione kimefumuliwa."

Sindano nilikuwa nayo, natembea nayo kwenye mkoba siku zote. Kitambaa kilikuwa kile kile. Ilikuwa kazi ya dakika tatu. Mkono wenyewe ulikwenda kwenye mkoba, nikauzuia.

"Hicho sishoni," nikasema.

"Hushoni?"

"Nisamehe. Siwezi kushona kingine."

Akainuka. "Uliniongopea nimebeba mtoto mgongoni ana homa, hukuona taabu. Leo nakuomba uongo wa sindano moja, ndiyo umepata dini?" Mkwe wangu akainama anaangalia viatu vyake. Mwanamke yule akaenda ndani, akakaa sana, akarudi na hirizi, akanipa kwa mkono wa kushoto.

Asubuhi ya siku ya tatu nilikwenda gesti mwenyewe. Alikuwa amekwishafunga begi. Nikakaa kitandani kwake, hakuna kiti, nikamwambia, "Mwanangu, mchwa hawakula. Niliongopa." Nikaendelea bila kupumzika, maana ningepumzika ningeshindwa. Nilimwambia mkebe, kiapo, mkasi, mwenye duka, mama mkwe. Nilimwambia nilijua. Hakulia wala hakunikaripia. Alikunja mikono yake akanisikiliza kama mwalimu anayemsikiliza mtoto aliyechelewa shule.

Nikaweka hirizi mbili juu ya shuka. Nilizifumua mimi, kwa ncha ya sindano, mshono mmoja mmoja, na mshono ulikuwa mzuri, ndilo linaloniuma, ulikuwa mshono alionifundisha bibi yake.

Alifundishwa kusoma Kiarabu madrasa alipokuwa mdogo. Akasoma pole pole, kidole kikifuata. Ile nzima ndiyo ya kofia. Aliposikia sauti yake mwenyewe ikisema kichwa kimevimba kwa vyeo, alicheka, akaziba mdomo. Barua ile ilikuwa na mambo ya mvua, ya suruali, na ya jirani aliyemdai Bimkubwa sufuria. Yeye hakuwemo. Alikuwa bado hajazaliwa.

Akashika kile kipande cha pili, robo ya karatasi, upande wa kulia juu. Kila mstari ulianza na haukuisha. Salamu nusu. Homa imepungua, nusu. Kisha akasimama kusoma. Akairudia kwa sauti.

"'Nimempakata mtoto asubuhi ya leo. Ana.'" Kidole chake kikafika pale mkasi wangu ulipopita. Akashuka mstari wa chini. "'Mpaka mama yake akacheka.'"

Nilisikia pikipiki za sokoni, na mtu anapigania bei ya nyanya chini ya dirisha.

"Alinipakata," akasema.

"Alikupakata."

"Nina nini, mama?" Alinitazama usoni, mtu wa miaka sitini na uso wa mtoto. "Ana nini? Kitu gani kilimchekesha mama yangu?"

Mimi sikuweza kuzisoma herufi zile siku ninazikata, na hata leo siwezi. Nikamwambia sijui. Nikamwambia waliochukua vipande ninawajua, wote, na habari za wengi ninazo. Akafungua begi lake lililofungwa, akatoa daftari na kalamu.

"Nitajie."

Nikaanza na mwanangu mwenyewe. Jina lake, la baba yake, la kijiji, na kilichotokea kwa hirizi. Wa pili. Wa tatu. Yeye akaandika, sikuwahi kuona mtu akiandika majina yangu yale, yalikuwa yamekaa kichwani peke yake muda mrefu. Tulipofika wa kumi na nane nikasimama. "Mwanangu, kuanzia huyu anayefuata nilikuwa najua."

Kalamu ikatulia juu ya karatasi. Akapiga mstari chini ya jina la kumi na nane, mrefu, toka ukingo mpaka ukingo. Kisha akasema, "Wa kumi na tisa."

Nikamtajia. Nikamtajia wa ishirini, na wa ishirini na moja. Wa ishirini na mbili ni mtoto wa yule aliyenipa hirizi kwa mkono wa kushoto. Nilipomaliza huyo nikashusha macho, kwa sababu nilijua aliyefuata ni nani. Nilikata kwa mpangilio: kulia juu, kisha kushoto juu. Wa ishirini na tatu ndiye aliyevaa upande wa pili wa mstari ule.

Ningeweza kusema alihama, sijui alikokwenda. Angekaa na matumaini.

"Wa ishirini na tatu," nikasema, nikataja jina lake na la mama yake. "Chake ndicho kilichobeba neno lako. Kilichomwa moto uwanja wa kanisa, na mamake alikuwepo anaangalia. Nimemuuliza jana. Hakipo, mwanangu."

Hakuandika. Alikitazama kipande kilichokuwa juu ya shuka, akakinyoosha kwa kiganja, mkunjo kwa mkunjo, kama mtu anayepiga nguo pasi. Akakiinua akakibusu. Sijui nani alimfundisha. Akakiweka katikati ya kurasa za daftari, kisha akaandika lile jina, na pembeni yake akaandika nilivyosema.

"Na wa ishirini na nne?"

Nikamtajia. Huyo yuko hai, yuko Urambo, na namba ya simu yake ilikuwa kwenye pindo la khanga yangu.